Besi Ikikoroma, Anza na Waya

Wapiga besi wa kujifurahisha, wale wanaoshika gitaa jioni wakitoka kazini na Jumapili wakasindikiza kwaya, wana tabia moja: sauti ikiwaendea vibaya, wanawaza kununua gitaa jingine. Mara nyingi gitaa halina kosa. Sauti ya besi huanzia kwenye uzi, ikaingia pikapu, ikapita nobu, tundu la jeki, waya, kisanduku cha DI au amplifaya, ndipo ifike kwenye spika. Kwa uzoefu wangu, vinavyosumbua zaidi katika safari hiyo ni vitu vya bei ndogo: waya, tundu na betri. Kwa hiyo ifuate safari hiyo hatua kwa hatua kabla hujatoa pesa.

KULIKAGUA GITAA LA MTUMBA

Gitaa la mtumba halina ubaya mradi ulikague. Besi nyingi sokoni zimefuata miundo miwili ya Fender: Precision Bass iliyotoka mwaka 1951, na Jazz Bass ya mwaka 1960. Zote zina uzi wa inchi 34 kutoka kichwani hadi kwenye daraja. Kwa mtoto au mtu mwenye vidole vifupi, zipo za inchi 30. Ukifika kwa muuzaji, fanya haya:

1. Piga kila freti ya kila uzi, moja baada ya nyingine. Noti inayokufa ghafla au kukwaruza inaonyesha freti iliyolika au iliyonyanyuka.

2. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama freti ya saba. Uwazi wa unene wa kadi ya biashara unatosha. Uwazi ukizidi sana, au usipokuwepo kabisa, shingo imepinda. Mpindo mdogo hurekebishwa kwa nondo iliyomo ndani ya shingo, nayo huzungushwa robo mzunguko tu kwa mara moja, ukatyuni, ukapima tena. Nondo ikigoma kuzunguka, liache gitaa hilo.

3. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, kisha ubonyeze hapo hapo upige tena. Noti mbili zinatakiwa zilingane. Iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza kipande cha daraja nyuma ili uzi urefuke; ikiwa chini, kisogeze mbele.

4. Zungusha nobu zote na utikise jeki tunduni. Mkwaruzo hapo ni vumbi au lehemu iliyoachia. Ni matengenezo madogo, kwa hiyo yatumie kuteremshia bei.

NYUZI NA HEWA YA PWANI

Seti ya nyuzi za besi ina bei kubwa kuliko ya gitaa la solo, na kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, jasho na hewa ya chumvi huzila upesi. Kila ukimaliza kupiga, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake. Zikififia, zivue bila kuzikata, zichemshe kwa dakika 10, zikaushe kabisa ndipo uzirudishe. Maji ya moto hutoa mafuta na uchafu uliojificha kwenye mizunguko ya waya, na mng'ao hurudi kwa muda. Anayependa besi nzito ya mviringo, ile ya muziki wa dansi wa zamani, atafute nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa: zinadumu zaidi na hazipigi kelele vidole vikiteleza.

Unatyuni kwa simu? Uzi mnene wa E hutetema takribani mara 41 kwa sekunde, na maikrofoni ya simu huidaka sauti hiyo kwa shida. Piga ile noti ya kugusa kwenye freti ya 12, ambayo ni mara mbili ya hapo, na programu itaisoma bila kuyumba.

WAYA: HAPA NDIPO PESA HUPOTEA

Waya wa gitaa una uzi mmoja wa shaba katikati, na wavu wa shaba unaouzunguka. Wavu huo ndio unaozuia kelele za umeme zisiingie. Waya wa spika una nyuzi mbili nene na hauna wavu. Vichwa vyake huweza kufanana kabisa, jeki ya milimita 6.35 kwa huku na kule, na hapo ndipo watu huchanganya. Ukitumia waya wa spika kwenye gitaa, utaokota mvumo wa umeme na pengine redio. Ukitumia waya wa gitaa kati ya amplifaya na spika, uzi wake mwembamba utapata moto na unaweza kuua amplifaya. Fungua kifuniko cha jeki utazame, kisha tia alama kwa utepe wa rangi ili usirudie kukisia.

Urefu nao una maana. Pikapu ya kawaida, isiyo na betri, haina nguvu ya kusukuma sauti mbali, na kila mita ya waya hula kidogo sauti kali za juu. Mita 3 zinatosha nyumbani na mita 6 jukwaani. Usinunue mita 10 kwa ajili ya tahadhari. Dhahabu kwenye kichwa cha jeki huzuia kutu, ila haibadilishi muziki. Bora uangalie kama kichwa ni cha chuma na kinafunguka kwa kuzungushwa. Kile kilichomiminiwa plastiki kikikatika ndani ni cha kutupa, lakini kinachofunguka hulehemiwa na fundi redio yeyote wa mtaani. Vichwa vipya utavipata Kariakoo, na kwa walioko Nairobi, Luthuli Avenue.

Kuupima waya ni kazi ya dakika moja kwa mita ya fundi. Weka mita kwenye mlio, gusa ncha ya jeki moja na ncha ya jeki nyingine: ilie. Gusa mwili na mwili: ilie. Gusa ncha na mwili: isilie. Rudia huku ukiukunja waya karibu na vichwa, kwa sababu hapo ndipo hukatikia. Na ukiuvaa jukwaani, upitishe kwanza nyuma ya mkanda wa gitaa ndipo uuchomeke, ili mtu akiukanyaga uvute mkanda badala ya tundu.

KUMTAFUTA MCHAWI WA MVUMO

Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili waya, chaneli na gitaa kwa pamoja, kelele itaisha na hutajua ilitoka wapi.

Anza kwa kuteremsha nobu ya sauti ya gitaa hadi sifuri. Mvumo ukibaki, uko kwenye waya au mbele yake. Ukiisha, pikapu zinaudaka hewani: sogea mbali na taa za tyubu, chaja na transfoma, au geuka upande mwingine. Kwenye Jazz Bass, pandisha nobu za pikapu zote mbili kwa usawa, kwani kwa kawaida pikapu hizo hufuta mvumo zikifanya kazi pamoja. Ukiteremsha moja, mvumo unarudi. Sauti ikikwaruza na kupasuka kwenye besi yenye betri, badilisha betri ya volti 9 kabla ya kumwita fundi. Betri hiyo huliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kama hupigi, kwa hiyo chomoa ukimaliza.

KANISANI NA UKUMBINI

Usichomeke besi moja kwa moja kwenye tundu la laini la miksa, utapata sauti nyembamba iliyozubaa. Pitia kisanduku cha DI. Kinageuza sauti ya gitaa iweze kusafiri kwenye waya mrefu wa pini tatu hadi kwenye miksa bila kuokota kelele. Kwa besi isiyo na betri, DI inayotumia umeme ni bora. Kwa yenye betri, DI ya kawaida isiyotumia umeme inatosha. Mvumo ukizuka, bonyeza swichi ya kutenganisha ethi iliyo kwenye DI. Na kabla ya kuchomeka au kuchomoa, mwambie fundi mitambo: "Kaka, nifungie chaneli kwanza." Mshindo wa jeki unaweza kupasua spika na unamkera kila mtu.

Besi ikisikika kama tope, mara nyingi tatizo liko kwenye kinanda. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unapita kwenye noti zako. Kubalianeni nani anashika chini, kisha fundi apunguze kidogo eneo la hezi 250.

Amplifaya yako mwenyewe ije baadaye. Kwa chumbani wati 20 zinatosha. Ukipiga na seti ya ngoma na sahani unahitaji takribani wati 200 au zaidi, maana sauti nzito hula nguvu nyingi. Ukiunga spika mbili za omu 8 sambamba unapata omu 4. Soma nyuma ya amplifaya kama inaruhusu.

UMEME SI WA MZAHA

Kifaa kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani mara nyingi hutaka volti 120, na soketi zetu Tanzania hutoa 230. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Nyuzi za besi zimeungwa na ethi, kwa hiyo ukizishika huku mdomo ukigusa maikrofoni ukahisi kuwashwa, acha kupiga, zima mitambo, aitwe fundi umeme. Kamwe usikate pini ya ethi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Watu wamekufa hivyo.

Ukiwa na pesa kidogo, zitumie kwa mpangilio huu: fundi wa kurekebisha shingo na daraja, seti ya nyuzi, nyaya mbili nzuri (mmoja wa akiba), kisha DI. Gitaa jipya liwe la mwisho, na uende kuliuliza bei baada ya hilo ulilonalo kupita hatua zote hizi. Wengi wakifika hapo huona halihitajiki tena.