Kutayarisha motokari ya koperative mbele ya kontrole tekniki

Wandugu wakulima, wababa na wamama wa koperative za Kasongo na Kabambare,

Tumezoea kuwaandikia juu ya mpunga, karanga na muhogo. Leo tunaandika juu ya motokari, sababu mpunga ukivunwa vizuri na kukauka vizuri, ungali unangojea kufika soko. Koperative ikiwa na pikapu au kamio yake, hata ya kuzeeka, hiyo motokari ni chombo cha kazi sawa na jembe, lakini jembe haliui watu kumi mara moja.

Sheria ya barabara mu Kongo, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inaomba motokari ipitishwe kontrole tekniki. Mwisho wa cheti umeandikwa juu ya cheti chenyewe. Musomeni leo.

Wengi wanasema: «Kontrole ni makuta tu.» Tunajua neno hilo linatoka wapi. Kuna pahali cheti kinatoka na motokari ingali imelala nyumbani, hakuna mtu aliyeitazama. Cheti cha namna hiyo kitakupitisha ku barriere, lakini hakitashika freni mu mteremko. Sisi wenyewe tulikuwa na pikapu yenye karatasi zote. Msimu mmoja wa mvua ilibeba magunia ya mpunga, na wamama saba juu yake. Ikishuka kuelekea daraja, mpira wa freni ukapasuka. Shofere aliigonga ku ukingo wa udongo kwa kusudi, ndiyo ilisimama. Mama mmoja alivunjika mkono, magunia 13 yakaanguka mu maji. Ule mpira ulikuwa na mipasuko tangu zamani. Mtu angelala chini ya motokari dakika tano tu, angeiona.

Basi muanze majuma matatu mbele ya siku ya kontrole. Piesi nyingi hazipatikani Kasongo, zinatoka Kindu, Bukavu ao Kalemie, na mvua ikinyesha njia inakuwa ndefu.

Kwanza karatasi. Karte roze, asiransi, permi ya shofere. Asiransi ni lazima tangu sheria ya mwaka 1973, na ndiyo inalipa mtu uliyemwumiza. Kisha mutafute namba ya shasi juu ya chuma chenyewe, muilinganishe na karte roze, herufi kwa herufi. Kama motokari ilinunuliwa na jina la mwenyewe wa zamani lingali mu karte, mulitengeneze sasa, kwani atakapokufa ao kuhama kazi itakuwa kubwa.

Kisha muoshe chini yake. Udongo mwekundu unaficha nyufa za shasi na mafuta yanayovuja. Lakini musioshee ku mto pahali wamama wanachota maji.

Sasa freni, na hapa tusiwe na haraka. Motori ikizimwa, shofere akanyage pedale ya freni mara tano ao sita, kisha aikanyage na kuishikilia. Awashe motori: pedale ishuke kidogo. Isiposhuka, chombo kinachosaidia freni kimechoka. Kisha aikanyage kwa nguvu muda wa dakika moja. Ikizama polepole mpaka chini, kuna pahali mafuta ya freni yanapotea, ao pompu imekula ndani. Ikiwa laini kama sponji, hewa imeingia. Mutazame kila mpira wa freni karibu na gurudumu, muukunje kidogo kwa vidole: mpasuko ukionekana, mpira utoke, hata kama hauvuji. Mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewa; yakiwa meusi, mubadilishe yote. Na musiweke mafuta ya motori pahali pake, tumeona mtu alifanya hivyo na mipira yote ya ndani ikavimba. Kamio yenye freni ya hewa, mufungue ma-robine ya chini ya matangi kila asubuhi, maji yatoke. Freni ya mkono mujaribu ku kilima, motokari ikiwa bila mzigo, na mtu awe tayari na jiwe la kuzuia gurudumu.

Kwa usukani, munyanyue gurudumu la mbele na krike. Mulishike juu na chini, mulitikise. Kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, rulema ao rotile imechoka. Likicheza kushoto na kulia, mara nyingi ni fimbo za usukani. Musiingie hata siku moja chini ya motokari iliyoshikwa na krike peke yake. Muweke kwanza kipande cha mti mgumu chini ya shasi.

Magurudumu: ndani ya mifereji ya mpira mutaona vinundu vidogo, vyenye urefu wa milimeta 1,6. Mpira ukiisha mpaka vinundu vikalingana nao, umekufa. Mutazame na ubavu wa ndani, ule usioonekana, maana mawe ya njia zetu yanakata pale.

Kuna jambo la taa ambalo wengi hawalijui. Motokari nyingi zinatoka Japani kupitia Dar es Salaam, na kule wanatembea kushoto. Fari zake za chini zimetengenezwa zimulike zaidi upande wa kushoto. Hapa kwetu tunatembea kuume, basi zinampiga mu macho yule anayekuja mbele. Kukunja vis hakutoshi. Fari za kutembea kuume ndizo zinafaa. Taa za freni nazo: mtu mmoja akanyage, mwingine asimame nyuma.

Klakson, vioo, mikanda, triyangle, estinteri, moshi mweusi: mutazame, ni kazi ya robo saa.

Siku yenyewe muende bila mzigo. Shofere asiende peke yake, mtu wa komite amfuate. Mkikataliwa, muombe makosa yaandikwe, na kwa kila malipo muombe kitansi.

Makuta yatatoka wapi? Muanze ku gunia. Tuseme 500 Fc kwa kila gunia linalobebwa: safari ya magunia 40 inaacha 20.000 Fc mu kesi ya motokari. Makuta hayo yasiguswe kwa matanga wala kwa kukaribisha wageni. Na kila tengenezo liandikwe mu daftari, tarehe na kilometa. Daftari ibaki mu depo. Mu motokari inalowa mafuta, na shofere akibadilika inaenda naye.