Somo la Ushuru: Mstaafu Mwenye Ulemavu na Ritani ya KRA

Mwezi wa Juni ukikaribia, wazee wetu wa Garsen na Tana Delta huuliza: "Nimestaafu, nina ulemavu, na tegemeo langu ni zile elfu mbili za Inua Jamii. Ritani ya nini tena?" Swali ni la haki. Jibu lake linaanzia hapa: je, una PIN ya KRA au huna?

1. Kulipa ni kitu kimoja, kuwasilisha ni kingine

Kulipa ushuru ni kutoa pesa. Kuwasilisha ritani ni kuieleza KRA ulichopata mwaka uliopita, hata kama hukupata kitu. Mtu anaweza kusamehewa kulipa, na bado akadaiwa ritani. Wengi huingia hasarani kwa kuyachanganya mambo haya mawili.

2. Pesa ambazo hazitozwi ushuru

Inua Jamii: Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Huo ni msaada, si mshahara wala faida ya biashara.

Pensheni: Tangu Desemba 27, 2024, malipo kutoka mifuko ya pensheni iliyosajiliwa hayatozwi ushuru mtu anapofikia umri wa kustaafu, au anapostaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa. Kabla ya hapo, msamaha kamili ulikuwa wa wenye miaka 65 na zaidi.

Mshahara au biashara ya mwenye ulemavu: Sh150,000 za kwanza kila mwezi husamehewa, mradi ana cheti cha msamaha cha KRA. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu peke yake haitoshi. Kadi hiyo ndiyo hukuwezesha kuomba cheti, na cheti kina muda wake wa kuisha. Msamaha huu hauhusu kodi ya nyumba unazopangisha.

3. Nani awasilishe?

Huna PIN, na huna mapato ya kutozwa ushuru: huna ritani ya kuwasilisha. Usichukue PIN kwa sababu ya ritani tu.

Una PIN, lakini hukupata mapato: wasilisha ritani ya sifuri.

Una PIN, na una pensheni, mshahara, duka au shamba la biashara: wasilisha ritani yenye maelezo ya mapato hayo. Kama una cheti cha msamaha, nambari yake iandikwe humo.

Siku ya mwisho ni Juni 30 kila mwaka, kwa mapato ya mwaka uliotangulia.

4. Hasara ya kunyamaza

Faini ya kuchelewa ni Sh2,000, au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ikitegemea ni ipi kubwa. Kwa mzee wa Inua Jamii, hiyo ni pesa yake ya mwezi mzima.

Tuchukue mfano wa mama wa Tarasaa aliyechukua PIN miaka mitano iliyopita ili abadilishe hati ya shamba, kisha akaisahau. Faini inaweza kufika Sh10,000, ingawa hajawahi kudaiwa ushuru hata shilingi moja. Siku kikundi chake cha watu wenye ulemavu kitakapotaka zabuni ya serikali na kuhitaji cheti cha kutimiza wajibu wa ushuru, deni hilo litamzuia.

5. Faida ya kuwasilisha

Ikiwa ulikatwa ushuru kwenye pesa zilizosamehewa, unaweza kudai urejeshewe ndani ya miaka 5 tangu ulipokatwa. Ritani ndiyo huonyesha kwamba ulikatwa zaidi.

6. Pa kuanzia

Ritani huwasilishwa kwenye mtandao wa iTax, na KRA haitozi chochote. Ukihitaji msaada, fika Huduma Centre mjini Hola ukiwa na kitambulisho, PIN, kadi ya Baraza na taarifa ya pensheni ya mwaka. Asiyeweza kusafiri asaidiwe na mwana au mjukuu anayemwamini. Ukienda saiba, lipia kazi uliyofanyiwa tu, wala usimwachie mhudumu nywila yako. Kabla ya kuondoka, hakikisha umepewa risiti ya ritani, uihifadhi.

Zoezi

a) Mzee wa Ngao anapokea Inua Jamii pekee na hana PIN. Je, awasilishe ritani?
b) Mwalimu mstaafu wa Minjila ana PIN, na pensheni yake haitozwi ushuru. Je, awasilishe?
c) Fundi viatu wa Garsen ana kadi ya Baraza, lakini hana cheti cha KRA. Je, amesamehewa?

Majibu: a) La. b) Ndiyo. c) Bado, aombe cheti kwanza.

Msomee somo hili mzee asiyeona au asiyejua kusoma, kabla ya Juni 30.