Sauti Inapoachana na Picha

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, arusi na michezo ya ngoma siku hizi hunaswa kwa video. Aghalabu picha hupigwa kwa simu, nayo sauti hunaswa na chombo kingine kilichowekwa karibu na wapigaji. Yanapounganishwa kwenye kompyuta, huenda mkwiro ukaonekana umekwisha kugusa ngozi ya ngoma kabla mlio haujasikika. Katika hotuba ya arusi kasoro hiyo huudhi tu. Katika ngoma ni hasara: kijana atakayejifunza kwa video hiyo atadhani pigo la mkono wa kulia ni la kushoto, na mzee aliyeongoza mapigo huenda asipatikane tena.

Taabu hii si ngeni. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa sinema za mafunzo ulioongozwa na Notcutt na Latham ulitengeneza filamu ambazo sauti yake ilikuwa katika sahani za santuri. Mashine moja ikitangulia nyingine, maneno hayakulingana na picha.

Hapana budi mhariri apime kabla ya kukata. Alinganishe pigo la mwanzo na la mwisho. Tofauti ikiwa ile ile, yumkini chanzo ni umbali. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Simu iliyo mita 34 kutoka kwenye ngoma huupokea mlio baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu mbili na nusu, picha zikiwa 25 kwa sekunde. Anayelinganisha kinasa sauti na sauti ya simu hunakili uchelewaji huo bila kujua. Afadhali aifuate picha ya mkwiro ukigusa ngozi.

Tofauti ikikua polepole, saa za vyombo hivyo viwili hazilingani. Hitilafu ya moja katika 50,000 huleta karibu fremu mbili kwa saa nzima. Sauti ivutwe au ibanwe kidogo. Lakini dakika kumi zikipungua kwa sekunde 49 na sauti ikawa nyembamba, sampuli 44,100 zimesomwa kama 48,000. Tofauti ikija na kutoweka, simu imebadili idadi ya fremu njiani: video igeuzwe kwanza iwe na fremu 25 zisizobadilika.

Jenereta hulaumiwa bure. Saa za vyombo hivi huongozwa na kioo cha kwazi, si na umeme wa ukutani. Taa ndizo huathirika: kwa umeme wa mizunguko 50, nyingi humeta mara 100 kwa sekunde, na jenereta ikilegea, mistari ya kivuli hutambaa pichani. Hiyo ni kasoro nyingine kabisa.

Tena, huenda faili ni zima na skrini ndiyo yenye ila. Skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde haiwezi kugawa fremu 25 sawasawa. Nyingine huonyeshwa mara mbili, nyingine mara tatu, na mikono ya mpigaji huonekana ikishtuka. Iwekwe 50 au 75. Baadhi ya televisheni nazo huchelewesha picha zikiisafisha. Basi video itazamwe kwenye chombo cha pili kabla ya kuisogeza sauti.

Umoja wa Utangazaji wa Ulaya huruhusu sauti itangulie kwa sehemu 40 za elfu za sekunde, au ichelewe kwa 60. Tofauti hiyo ina sababu. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, shoka huonekana kwanza, mlio hufuata. Jicho limezoea hivyo. Kwa hiyo kosa lisiloondoka lote libakizwe upande wa kuchelewa.