ALEJI YA NGOZI: PLASTA MGONGONI ZINATUAMBIA NINI?

Hebu fikiria: umepakwa piko kwa ajili ya harusi ya dada. Siku ya kwanza umependeza. Siku ya tatu mkono unawasha, na malengelenge yamefuata maua yale yale uliyochorwa. Hiyo ni aleji: mwili unapigana na kitu ambacho wengine hakiwadhuru.

Hina ya asili huacha rangi nyekundu au kahawia. Weusi wa piko hutokana na rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2, lakini siyo kuchorea ngozi.

Kipimo kinafanywaje?
Alikieleza daktari Mjerumani, Josef Jadassohn, mwaka 1895. Daktari wa ngozi huweka kemikali mbalimbali, kwa kiasi kidogo kilichopimwa, kwenye plasta na kuzibandika mgongoni. Zinakaa siku 2, na mgongo usilowe. Zikitolewa, ngozi inaangaliwa, kisha inaangaliwa tena siku ya 3 au ya 4, kwa sababu aleji hii huja polepole.

Faida
Unajua cha kuepuka. Kama ni nikeli, unaachana na hereni za bei poa. Kama ni PPD, basi, piko kwaheri! Hupotezi tena pesa kwa krimu za kubahatisha.

Hatari
Mgongo unaweza kuwasha, na alama nyeusi ikabaki kwa muda. Mara chache, kipimo chenyewe huanzisha aleji mpya.

Kinavyotumiwa vibaya
1. Kujibandika sabuni ya unga au dawa ya kutoa madoa. Hizo zinaweza kuunguza ngozi ya mtu yeyote. Kuungua siyo aleji.
2. Kujipaka piko kidogo, kusubiri saa moja na kusema "niko fiti". Saa moja haitoshi, na mguso huo unaweza kukuanzishia aleji ya maisha.
3. Kutafutia aleji ya karanga au vumbi. Kwa hizo kuna kipimo cha kudonoa ngozi, kinachosomwa baada ya dakika 15 hadi 20.
4. Kumficha daktari. Krimu zenye steroidi, zikiwemo baadhi ya zile za kujichubua, zikipakwa mgongoni huweza kuficha majibu. Sema ukweli tu.

Ufanye nini?
Si kila hospitali ina kipimo hiki. Anza zahanati, uombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Lakini uso ukivimba au ukipumua kwa shida, usingoje kipimo: kimbilia hospitali!

Jadilini darasani: Rafiki yako alipakwa piko mwaka jana bila tatizo. Je, ana uhakika wa mwaka huu? Kwa nini?