Kuripoti Maisha ya Mji Wakati wa Mlipuko: Mwongozo kwa Waandishi wa Babati

Mwandishi wa habari wa mkoani hana maabara wala mamlaka ya kutangaza ugonjwa. Mwaka 2020 jambo hilo lilidhihirika. Serikali ilitoa takwimu za UVIKO-19 kwa Tanzania Bara tarehe 29 Aprili, zikionyesha wagonjwa 480 na vifo 16 nchini kote, kisha zikakoma kwa zaidi ya mwaka mmoja. Waandishi wengi walijiona wamebaki na njia mbili tu: kunyamaza kwa kukosa namba, au kuokota namba vijiweni. Zote mbili ni mbovu. Idadi ya wagonjwa ni kazi ya Wizara ya Afya. Kazi ya mwandishi wa jamii ni kufuatilia mabadiliko ya maisha yanayotokea mbele ya macho yake, nayo yanaweza kuthibitishwa bila kipimo cha maabara.

Babati, mkoani Manyara, ina mengi ya kuthibitishwa. Mji huu uko njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida, na mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Arusha, tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata amri ya kufunga shule ikatolewa. Katika hali kama hiyo, stendi ya mabasi huanza kusema mapema kuliko ofisi yoyote: mabasi yanayoondoka nusu tupu, agizo la abiria kutosimama na jinsi linavyozingatiwa, mama lishe waliopunguza sufuria. Bei ya limau na tangawizi sokoni iulizwe kwa wauzaji watatu au zaidi siku hiyohiyo, kisha irudiwe baada ya wiki. Shule zote zilipofunguliwa tarehe 29 Juni 2020, daftari la mahudhurio lingeweza kuonyesha ni wanafunzi wangapi hawakurudi, na wasichana walikuwa wangapi kati yao. Habari hiyo ni nzito kuliko uvumi wowote wa wodini, lakini wachache waliifuata. Hesabu ya namna hii iitwe hesabu ya mwandishi, ioneshe ilipofanyika na lini, wala isivikwe joho la takwimu rasmi.

Suala gumu zaidi ni faragha, na katika mji mdogo uzito wake huongezeka. Gazeti la Dar es Salaam likiandika “mwalimu wa kike, umri miaka 40, mkazi wa Temeke”, halijamtaja mtu. Redio ya Babati ikisema “mwalimu wa kike wa Nangara aliyerudi juzi kutoka Arusha”, imeshamtaja kwa majina yote matatu. Kuficha jina pekee hakutoshi. Mtaa, kazi, tarehe ya safari, rangi ya geti na namba ya pikipiki iliyoonekana nyuma ya picha vyote humtambulisha mtu. Kwenye redio, sauti yenyewe ni kitambulisho, kwa hiyo maelezo ya mgonjwa yasomwe na mtangazaji badala ya kurushwa kama yalivyorekodiwa.

Idhini nayo ina masharti yake. Mgonjwa anayehema kwa shida hana nafasi ya kuamua kwa utulivu, asubiriwe. Idhini ya ndugu haichukui nafasi ya idhini ya mtu mzima mwenye akili timamu. Kwa mzee anayezungumza Kigorowa au Kibarbaig zaidi ya Kiswahili, mkalimani asiwe jirani wa nyumba ya pili, na aelezwe mapema kuwa atakayoyasikia ni siri. Aprili 2020, mwandishi mmoja wa gazeti huko Zanzibar alisimamishwa kazi miezi sita kwa kuandika habari za mgonjwa bila ridhaa yake. Adhabu hiyo inaweza kujadiliwa. Wajibu wa kupata ridhaa haujadiliki. Sasa ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayoziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Kuhusu tiba, kanuni ni fupi. Watu wakijifukiza, iandikwe kuwa wanajifukiza, nani aliwashauri na wanalipia nini. Kuwa wamepona kwa sababu hiyo si jambo la mwandishi kulithibitisha, hata kama msemaji ni kiongozi wa dini au wa serikali.

Kauli ya mamlaka inukuliwe pamoja na cheo, tarehe na saa. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwapo kwa wahisiwa wa ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera. Wizara ikajibu kuwa sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mgonjwa mmoja. Mwandishi aliyeweka saa kwenye kila kauli hakulazimika kufuta chochote. Aliyeandika “hakuna Marburg” kama hitimisho lake mwenyewe alibaki nalo.

Maswali kwa Mganga Mkuu wa Mkoa au halmashauri yapelekwe kwa maandishi, na nakala itunzwe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa siku 30 za kujibu, muda ambao mlipuko hausubiri. Hata hivyo, barua iliyopokelewa kwa muhuri humlinda mwandishi anapoandika kuwa jibu halijapatikana. Tahadhari hiyohiyo ihusu pia kinachosambazwa mtandaoni, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitofautishi tovuti ya gazeti na kundi la WhatsApp.

Upo pia wajibu wa vyombo vya habari, ambao hutajwa kwa aibu. Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari moja moja mara nyingi hana bima wala nauli, na akiugua hulala bila kipato. Mhariri anayemtuma hospitalini ampe barakoa, kitakasa mikono na gharama za safari kabla hajaondoka. Asipopewa, ana haki ya kukataa wodi na kuomba mahojiano kwa simu. Nauli isitoke kwenye bahasha ya anayeripotiwa, awe mwenye zahanati au mfadhili wa ndoo za kunawia. Klabu ya Waandishi wa Habari Mkoa wa Manyara ndiyo mahali pa kufikisha madai haya kwa pamoja, kwa kuwa mwandishi mmoja akidai peke yake, habari inayofuata hupewa mwingine.