JE, TARAKILISHI YAWEZA KUJUA KUWA UMEKASIRIKA?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo nataka kukuonyesha kwamba methali hii yaifaa hata tarakilishi. Najua wengine watacheka na kuuliza, "Tarakilishi nayo hulelewa?" Naam, hulelewa, tena kwa sentensi. Hebu tufuatane hatua kwa hatua.

Kwanza tuelewane. Tarakilishi haina moyo. Haioni haya wala haitokwi na machozi. Inachofundishwa ni kukisia tu: ikipewa maandishi, itaje hisia ambayo msomaji angeiona humo. Kazi hii ni ngumu kwa sababu sisi humsoma mtu kwa sauti, uso na hata mikono yake, lakini tarakilishi ina herufi peke yake.

Hatua ya kwanza ni kuchagua orodha ya hisia. Wengi hutumia zile sita zilizotajwa na mwanasaikolojia Mmarekani, Paul Ekman: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na kinyaa. Wengine huona sita ni chache. Mwaka wa 2020 watafiti wa Google walitoa mkusanyiko uitwao GoEmotions, wenye maoni mafupi 58,000 hivi ya Kiingereza, yaliyogawanywa katika hisia 27 na fungu moja la yasiyo na hisia.

Hatua ya pili ni kuweka alama. Watu husoma kila sentensi na kuandika kando hisia waionayo. Hapa ndipo penye kazi! Katika mkutano mmoja wa chama chetu niliwasomea wenzangu sita maneno haya: "Wewe nawe!" Watatu waliandika hasira, wawili wakaandika mzaha, na mmoja akaandika mapenzi. Jameni, darasa zima liliangua kicheko. Lakini hakuna aliyekosea. Maneno yale hayakuwa na msemaji wala mahali. Ndiyo sababu sentensi moja hupewa watu kadhaa. Katika GoEmotions, kila oni lilisomwa na watu watatu, na wasipoafikiana waliongezwa wawili. Wasomaji hao walikuwa wasemaji wa Kiingereza kutoka India. Hebu fikiria: mzaha wa nchi moja waweza kumpita msomaji wa nchi nyingine, ingawa lugha ni ile ile.

Hatua ya tatu ni kujifunza kwenyewe. Njia moja ya zamani ni kuhesabu maneno. Tuseme tuna sentensi 10, tano za furaha na tano za hasira. Neno "asante" limo katika sentensi 4 za furaha na 1 ya hasira. Neno "tena" limo katika 1 ya furaha na 3 za hasira. Sasa mtu aandika, "Asante tena kwa kunichelewesha." Kwa furaha tunazidisha 4/5 kwa 1/5, tunapata 0.16. Kwa hasira ni 1/5 mara 3/5, yaani 0.12. Maneno yaliyobaki haijawahi kuyaona, basi huyaruka. Jibu lake: furaha! Lakini wewe na mimi twajua kuwa huyu mtu amekasirika mpaka basi.

Kiswahili chetu kina mtihani mwingine. Nafurahi, tumefurahi, sikufurahi, wamefurahishwa: kwa mashine inayohesabu maneno mazima, hayo ni maneno manne yasiyohusiana. Dawa yake ni kuyakata maneno vipande vipande, ili kile kipande cha "furah" kionekane kote. Hata hivyo, ni lazima ijue kuwa "siku-" yageuza maana. Programu za siku hizi, kama BERT iliyotolewa na Google mwaka wa 2018, hulitazama kila neno pamoja na majirani zake wa kushoto na kulia. Hizo ni hodari zaidi, lakini nazo hujua tu lile zililolishwa.

Hatua ya nne ni mtihani. Mashine hupewa sentensi ambazo haijaziona, kama sisi tunavyofungiwa karatasi. Ila jihadhari na alama zake! Tuseme katika sentensi 100, ni 5 tu zenye hofu. Mashine ikijibu "hakuna hofu" kila mara, itapata 95. Alama nzuri hizo, au sivyo? Kumbe wale watano wenye hofu hakuna hata mmoja aliyeonekana. Kwa hiyo tusiulize tu imepata ngapi, bali pia imewakosa akina nani.

Swali hili si la mzaha. Mwanafunzi aliyelemewa na mambo anaweza kuandika, "Niko sawa tu." Mashine huona neno "sawa" ikapita. Rafiki mwema huona lile "tu" akasimama. Basi mashine na isaidie, lakini isiachiwe kuamua nani apewe msaada na nani aadhibiwe.

Je, Kiswahili kimeachwa nyuma? La hasha. Mwaka wa 2023 ulitolewa mkusanyiko wa AfriSenti, wenye jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14 za Afrika. Mwaka wa 2025 ukaja BRIGHTER, unaohusu hisia katika lugha 28. Kiswahili kimo katika yote miwili. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa nakupa zoezi, mpenzi msomaji. Andika sentensi 20 za Kiswahili kama unavyoongea nyumbani au sokoni. Wape wenzako watano waweke alama bila kutazamiana. Kisha jadilini zile mlizotofautiana, maana hizo ndizo zenye somo. Sisi tunaojua tofauti ya "haya" ya kukubali na "haya!" ya kufukuza ndio walimu wanaotakiwa. Tusipoilea mashine sisi wenyewe, italelewa na wasiotuelewa, halafu itusome vibaya. Kazi kwenu!