Kuchora Zimwi kwa Vipimo vya Mwili wa Binadamu

Mtoto wa shule ya msingi katika Wilaya ya Ngara au ya Biharamulo akiambiwa achore zimwi la hadithi aliyosimuliwa nyumbani kwa Kihangaza au Kishubi, aghalabu huchora mtu wa kawaida, kisha humwongezea pembe na meno. Mikono huchomoza mbavuni, na magoti hayaonekani. Zimwi la namna hiyo halimtishi mtu, kwani halina uwezo wa kusimama, sembuse kukimbiza. Twaona kwamba mwalimu aanze na mifupa, pembe zitafuata.

Kipimo kifaacho ni kichwa, yaani kutoka utosini hadi kidevuni. Mtu mzima ana kimo cha vichwa 7 na nusu hivi. Mtoto wa miaka 10 hukaribia 6 na nusu. Mtoto mchanga ni vichwa 4 tu. Kila mwanafunzi apewe kamba ya mgomba ajipime mwenyewe. Atagundua kwamba macho yapo katikati ya kichwa, wala si karibu na utosi kama wengi wachoravyo. Na kwamba mikono ikinyooshwa kando, upana wake hukaribia kimo chake.

Kwa upande wa viungo, zana nzuri hupatikana buchani: mguu wa mbuzi usiotenganishwa. Wanafunzi waukunje na kuukunjua. Goti hukunjika upande mmoja tu, kama bawaba ya mlango. Nyonga huzunguka, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kimekaa ndani ya kikombe. Kila kiungo kiwekewe duara dogo kwanza, nyama zichorwe baadaye.

Hapo ndipo zimwi lizaliwe. Kipimo kimoja kibadilishwe kwa makusudi, mathalani mikono ifike chini ya magoti, na vingine vibaki vya binadamu. Jitu lina sharia yake, aliyoieleza Galileo mwaka 1638: kimo kikiwa mara 2, uzito huwa mara 8, lakini eneo la mkato wa mfupa huongezeka mara 4 tu. Kwa hiyo jitu lenye miguu myembamba lingevunjika. Watoto walinganishe mguu wa tembo wa Hifadhi ya Burigi-Chato na ule wa swala. Wataelewa bila hesabu.

Kuna jambo zito kuliko vipimo. Zimwi lisiazime umbo la mtu aliye hai. Kanda ya Ziwa, pamoja na Mkoa wetu wa Kagera, imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa imani za kishirikina. Zimwi likipewa ngozi ya mwenye ualbino, au mguu wa mwenzetu achechemeaye, darasa zima hufundishwa kwamba yule si mtu. Mwalimu aliseme hili kabla penseli hazijashikwa. Akingoja picha imalizike ndipo akemee, macho yote yatamgeukia yuleyule tuliyetaka kumlinda.

Wakati wa kusahihisha, mwanafunzi alichore zimwi lake mara ya pili, likiwa limechuchumaa. Mapaja yakibaki na urefu uleule na magoti yakikunjika panapostahili, apewe alama zote, hata kama amesahau pembe.